Tasnifu Iliyotetewa Chumbani kwa Mama

Binti wa seremala alikuja nyumbani likizo ya wiki tatu, akakaa miezi sita.

Si kwamba alipenda. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamivu ng'ambo, akichunguza kuvu inayoozesha mbao, na viza yake ilikuwa imeisha muda. Alikwenda ubalozini kuomba nyingine akidhani ni suala la siku chache. Mhudumu wa dirishani alimpa karatasi: ombi lake limepelekwa kwenye uhakiki wa ziada. Kwa muda gani? "Tutakuandikia," mhudumu alisema, akaita mtu mwingine.

Tangu siku hiyo alikuwa akifungua barua pepe kabla hata ya kunawa uso. Kimya. Huko ng'ambo chumba chake kikapata mpangaji mwingine, tiketi ya kurudi ikapitwa na tarehe, na sampuli zake zikabaki kwenye jokofu la maabara chini ya uangalizi wa mwenzake.

Mtaani walimwita Profesa tangu yuko darasa la tano. Sasa jina hilo likaanza kumchoma.

"Profesa, hurudi tena?" wateja wa baba yake waliuliza.

Baba mtu alijibu bila kuinua macho kwenye randa: "Nimemwajiri. Hebu lete vipimo vya kabati lako."

Na kazi alimpa kweli. Binti alipiga msasa, akapaka vanishi, akakosea vipimo vya meza ya watu mpaka wakaigeuza stuli. Mama yake, ambaye ni mkunga, akirudi kutoka zamu aliwakuta wanabishana, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. "Humu ndani haingii seremala yeyote," aliwaambia mlangoni. "Kaogeni kwanza."

Mwezi wa nne wa kungoja, msimamizi wa utafiti wake akaandika: usingoje viza tena. Chuo kimekubali utetee tasnifu yako kwa video, Alhamisi saa tisa alasiri.

Intaneti ilikamata vizuri sehemu moja tu ya nyumba: chumbani kwa wazazi, karibu na dirisha. Tatizo ni kwamba nje ya dirisha hilo ndipo alipofanyia kazi Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, na grenda lake lilisikika mtaa mzima. Seremala akaenda kuzungumza naye.

"Mzee wangu, Alhamisi nina geti la mtu," Cheche alisema.

"Najua. Na mimi nina mtoto."

Cheche akajikuna kichwa. "Saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Tisa mpaka kumi na moja."

"Basi nitapaka rangi. Rangi haina kelele."

Siku ilipofika, Profesa alivaa blauzi ya mama yake iliyonyooshwa ikanyooka, na chini, pasipoonekana, kaptura ya kazini. Mama, aliyekuwa hana zamu, akangoja jikoni; baba akaketi kwenye kigoda nje ya mlango. Kwa saa nzima alisikiliza lugha asiyoijua, na sauti ya mwanawe ikitiririka bila papara. Halafu ikasita.

Mtahini mmoja alitaka kuona kwa macho yake jinsi mbao inavyooza ndani huku nje ikionekana nzima. Sampuli zote zilikuwa kwenye lile jokofu, ng'ambo.

"Baba!" binti akaita. "Niletee ile boriti uliyoikataa juzi! Na msumeno!"

Mzee wa miaka sitini na miwili alitoka mbio. Alirudi anahema, akailaza boriti juu ya shuka nyeupe za mkewe, akaikata palepale mbele ya kamera. Nje ilikuwa safi. Ndani ilibomoka kwa kidole. Profesa akashika penseli akawaonyesha: kuvu iliingilia hapa, ikapita hapa, ikakwama hapa. Watahini wakasogeza vichwa. Mmoja akauliza, fundi alijuaje kabla ya kuikata? Binti akamtafsiria baba yake.

"Mwambie niliigonga tu. Ilitoa sauti ya debe bovu."

Jopo zima likacheka, na mzee akarudi kwenye kigoda chake. Baada ya nusu saa wakamtangazia binti kwamba amefaulu, wakamwita Daktari.

Alipofungua mlango, baba yake alikuwa ameshainuka. Alimkumbatia, blauzi ikajaa vumbi. Cheche aliposikia vigelegele vya mama, akawasha grenda kwa furaha, bila kukata chochote.

Jioni, walipokaa baba na binti kwenye benchi la karakana, seremala akasema, "Mama, nikuambie kitu, usinichukie. Walipokuzuia, nilisikitika nusu. Nusu nyingine nilifurahi."

"Nilijua, baba. Kila nikikosa barua ulikuwa unapiga mluzi."

"Mimi? Mluzi?"

"Kila siku."

Viza ilitoka wiki sita baadaye: ya miezi mitatu, kuingia mara moja tu. Chuo kilikuwa kimempa kazi ya utafiti ya mwaka mzima, na hakuna aliyejua kama muda ungeongezwa. Aliamua kwenda hivyo hivyo.

Wazazi walimsindikiza uwanja wa ndege hadi pale wasiosafiri wanapozuiwa. Alipunga mkono, akakata kona.

"Twende, mzee," mkunga alisema. "Ameshapita."

"Najua," seremala akajibu, na hakusogea.