Alama kwenye Mzinga wa Coletha

Coletha aliporudi kutoka misa alikuta kuku wawili wa balozi wa nyumba kumi wamekufa kwenye maboga yake, nyuki wakivuma kwa hasira, na ubavuni mwa mzinga mikato mitatu mibichi ya kisu. Aliijua. Ilikuwa alama ya shemeji yake, Mabula. Huku Kahama mwenye alama ndiye mwenye asali.

Asali gani ya Mabula? Mzinga huo Coletha aliuchonga mwenyewe kwa tezo, mwaka huo wa sabini na tatu, wiki mbili nzima, viganja vikitoka malengelenge. Akauweka juu ya nguzo mbili zenye panda nyuma ya nyumba, hapahapa Nyasubi. Wanaume walipita wakicheka. Mwanamke na nyuki! Asali ilipokomaa, Mabula akakumbuka kwamba marehemu kaka yake aliacha mali.

Saa tisa balozi mwenyewe, Gregory, akaja na majirani, Mabula akiwa miongoni mwao.

"Nani kachokoza nyuki? Mabula, hii si alama yako?"

"Mimi? Mzinga ni wa shemeji, balozi. Mtu kaniiga tu."

"Na jicho hilo lililovimba?" akauliza jirani, Paskalina.

"Jino linaniuma."

Watu wakaangua kicheko. Coletha hakucheka.

"Jana ulitangaza kilabuni kwamba mwanamke hana mzinga. Leo kuku wamekufa, mzinga umekuwa wangu? Haya, shika kisu. Ifute!"

"Nitaifuta jioni, shemeji, wakitulia."

"Ulichonga mchana, utafuta mchana."

Mabula akamtazama balozi. Balozi akasogea kando, akampisha.

Alikwangua mara tatu. Mara ya nne alikuwa keshapita katikati ya ua wa minyaa, ndala moja imebaki kwenye maboga, na majirani nao mbio kila mtu kwake.

Balozi alisimama mbali, shuka kichwani, akamwita Coletha. "Mama Klara, kuku wangu je?"

"Nitakuletea wawili, ingawa si mimi niliyechokoza nyuki. Mzinga ni wangu, na ubaya wake ni wangu. Wakitulia nachonga alama yangu."

"Yako? Chonga basi ya marehemu mumeo, mama, watu wasiseme."

Coletha aliiokota ile ndala, akairusha nje ya ua.

"Marehemu mume wangu, balozi, alikuwa anaogopa nyuki."