Kimya cha Mkalimani

Asubuhi ile mkalimani aliwahi mahakamani, akafungua madirisha ya ukumbi moja baada ya jingine, kisha akaketi kwenye benchi la watumishi karibu na mlango. Kiti chake cha kando ya kizimba kilikwisha kuondolewa. Alikikalia tangu ndevu zake hazijaota sawasawa hadi zilipoingia mvi. Siku hizi kazi yake ilikuwa kufungua madirisha, kuita mashahidi na kunyamaza, na hiyo ya kunyamaza ndiyo iliyomchosha kuliko zote.

Wala usidhani alishushwa cheo kwa uvivu au ulevi. Ni siasa tu. Rais wa zamani, ambaye watu walimwita Baba Salamu, alikuwa na tabia moja: kila alikokwenda alisalimia kwa lugha ya wenyeji. Alizivuruga salamu zenyewe vibaya mno, wazee wakacheka mpaka wakafuta machozi, lakini walirudi nyumbani vifua mbele, kwa kuwa mkubwa wa nchi amejisumbua kwa ajili yao. Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba mtu asihukumiwe kwa lugha asiyoielewa. Alipofariki akaja huyu wa sasa, Bwana Moja. Taifa moja, lugha moja, sauti moja. Ukiwasha redio ni moja, ukifunua gazeti ni moja. Hakumaliza hata mwaka, wakalimani wote wakafutwa, na atakayesema lugha nyingine ndani ya ofisi ya serikali akaandaliwa kifungo. Watu wakapiga makofi, ati umoja umekuja. Umoja gani huo wa kumziba mwenzako mdomo?

Kesi ya kwanza siku hiyo ilikuwa ya mama yake mdogo.

Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama mzazi kufariki, akamsomesha kwa vitunguu vya sokoni. Lugha ya taifa aliijua ya kuuzia tu. Mtoe kwenye bei na chenji, amepotea. Sasa, juma lililopita askari wa soko alipita kwenye vibanda akibandua picha za Baba Salamu na kubandika za Bwana Moja. Alipofika kwa mama mdogo, yule mama akamzuia kwa mkono, akaibandua mwenyewe taratibu isichanike. Akaiweka mapajani, akaipangusa vumbi kwa upindo wa nguo yake, akaisemesha maneno machache kwa lugha ya kwao. Askari hakuambulia hata neno moja, lakini akaapa kwamba ametukanwa Bwana Moja.

Mkalimani alipokwenda kumwona mahabusu, mama mdogo alimweleza alichosema. Alikuwa akiiaga ile picha, vile kwao wanavyomuaga maiti: nenda, umefanya uliyoyaweza, sisi tumebaki. Basi, ni hayo tu.

"Mbona umekonda hivyo?" akamuuliza mpwa wake kupitia nondo. "Mkeo amechoka kukupikia?"

"Mama, haya si mambo ya mzaha. Unaweza kufungwa."

"Nifungwe na wewe upo? Miaka yote umewasemea watu baki, mimi ndiyo nikose?"

Mkalimani alijaribu kumweleza habari za amri mpya, lakini mama mdogo alizisikiliza kwa sikio moja. Serikali ikawakataze watu kusema? Aliona kijana wake ana wasiwasi tu, tangu utotoni alikuwa mtu wa hofu.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, kabla watu hawajajaa, mkalimani alimfuata hakimu ofisini. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, wakazikana na kuozeshana. Hakimu alifunga mlango kwanza.

"Najua umekuja kwa lipi," akasema. "Nakuomba leo usifungue mdomo. Ukisema lugha yenu mle ndani, itanibidi nikuweke ndani pamoja naye. Wewe nyamaza, mimi nitaahirisha. Nitasema mshtakiwa hajisikii vizuri."

"Ukimuuliza swali hatajibu. Desturi yetu unaijua."

"Sitamuuliza kitu. Niamini, ndugu yangu."

Akamwamini. Angefanyaje, na maji yamemfika shingoni? Desturi aliyoitaja ilikuwa hii: kwao, anayeshtakiwa mbele ya wakubwa huinamisha kichwa na kukaa kimya mpaka mtu wa ukoo wake asimame, amwambie kwa sauti, kwa lugha ya kwao, "Haya, sema." Hata umzomee, hata umkaripie, hatasema kabla ya hapo. Anayejisemea bila kusimamiwa ni kama anatangaza kwamba hana kwao. Miaka yote mkalimani ndiye aliyewasimamia watu wake pale kizimbani. Hakimu alikwisha kuizoea desturi hiyo, hata wakati mwingine alikuwa akimkonyeza mkalimani amsimamie mtu, kesi iendelee.

Ukumbi ulipojaa, akaingia bwana mmoja aliyevaa suti, akakaa nyuma kabisa na kukunja nne. Hakujitambulisha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Beji ya Bwana Moja ilimng'aa kifuani. Hakimu alipoingia na kumwona, alisita mlangoni kabla ya kwenda kuketi.

Mama mdogo akaletwa. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, lile la harusini, maana alijua anakuja kusema mbele za watu. Alimtafuta mpwa wake kwa macho, akamwona kwenye benchi, akatabasamu. Kisha akainamisha kichwa.

Hakimu alifungua jalada, akalifunga, akalifungua tena. Mkalimani alisubiri kusikia neno la kuahirisha. Badala yake hakimu alianza kusoma shtaka, upesi upesi, bila kuinua uso.

"Mshtakiwa, ulitamka maneno ya kumdhalilisha kiongozi wa nchi. Ni kweli au si kweli?"

Kimya. Karani akasita kuandika.

"Nakuuliza tena. Ni kweli au si kweli?"

Mama mdogo alisimama pale pale na kichwa chake chini, kwa adabu zote alizofunzwa. Mkalimani akajikuta amesimama nusu, mkono umeshika mgongo wa benchi. Sentensi moja tu. Hakimu alimtazama kwa macho ya kumsihi, na kule nyuma bwana wa suti akakunjua mguu. Mkalimani alimwogopa. Aliogopa kifungo, aliowaacha nyumbani wakamjia akilini mmoja mmoja, na alijichukia kwa kuogopa kwake, lakini alikaa.

"Kwa mujibu wa amri mpya," hakimu akasema, akakatiza, akaanza upya, "kwa mujibu wa amri mpya, anayenyamaza amekubali kosa. Miaka miwili."

Akainuka akatoka kabla watu hawajasimama. Mama mdogo hakuelewa kilichopita. Alisikia maneno mengi, akaona watu wanasogea, akadhani wakubwa wanapumzika kidogo. Askari alimshika kiwiko kumtoa. Walipofika kwenye benchi la watumishi akasimama, naye askari, kwa aibu au kwa huruma, akamwachia.

"Mwanangu," alinong'ona kwa lugha ya kwao, "wamezungumza sana hawa. Mbona hujanisimamia? Au zamu yangu bado?"

Bwana wa suti alikuwa amekwisha kusogea, amesimama hatua chache tu, akisikiliza.

"Bado, mama," mkalimani akamjibu kwa lugha ya taifa.

Hilo alilielewa. Akaitikia kwa kichwa, akalinyoosha gauni lake kiunoni, akamfuata askari bila wasiwasi, midomo ikimchezacheza kwa maneno aliyokuwa akiyapanga.