Gunia la Kungoja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena nilijipeleka mwenyewe, kwa nauli yangu, kutoka Mikumi mpaka Tindiga. Mvua za kwanza zimenyesha, na shamba langu la mpunga halijaguswa. Maji yakishatuama kule, plau haiingii tena. Msimu umekupita hivyo.

Mwenye maksai wa kulimia ni Mzee Ngassa. Utaratibu wake unajulikana: ukilipa leo, ekari ni gunia moja la mpunga au bei yake. Ukilimiwa leo ukalipa ukivuna, mawili.

Cha kulipa leo sikuwa nacho. Nilikuwa na redio. Kibandani kwangu, nikiziba pancha ya lori, nilisikia Benki Kuu imeshusha riba. Nikajisemea, Dotto, leo mzee atakutambua.

Nilimkuta zizini na Vaileth, jirani yangu wa shamba, naye kafuata maksai. Jozi ilibaki moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni mawili, unajua."

"Hayo ya zamani, mzee. Benki Kuu inazikopesha benki. Ikishusha yenyewe, benki zinashusha, na nyie wa huku chini mnafuata. Ni kama mfereji, maji yakipungua banioni yanakoingilia, mpaka shambani yanapungua."

"Kwani mimi maksai nimewakopa benki?"

"Hapana, ila..."

"Gunia la pili ni la kungoja. Mwaka juzi mto ulilala shambani kwako. Mimi nilivuna nini?"

Mwenye akili zake hapo angenyamaza. Dunia imenichapa sana, lakini mdomo hauoni makovu. Nikaokota kijiti, nikachuchumaa, nikaanza kumchorea mzee mfumuko wa bei kwenye samadi. Nilichora vizuri, sijisifu.

Nyuma yangu Vaileth akasema taratibu, "Mzee, mimi mawili nimekubali."

Nilipoinua kichwa, maksai wamefungwa nira na plau inaburuzwa getini, imepita juu ya mchoro wangu. Mzee anafunga zizi.

"We Vaileth, ngoja kwanza. Hatujamaliza kujadili riba."

Vaileth akajibu bila kugeuka.

"Wewe wasubiri ng'ombe wa Benki Kuu, shemeji. Si ndio walioshuka bei?"