Giza Jekundu la Nyumba ya Liberata

Liberata aliotesha mche wake wa bangi katika chumba cha nyuma, kile alichofia mama yake, na hakumficha mtu ila wapita njia. Sheria ya Malta haina neno na mche wa nyumbani, mradi usionekane barabarani. "Kama nilivyolelewa mimi," alikuwa akiwaambia majirani, "na bado nilionekana."

Hata hivyo mche wenyewe haukuwa wa mzaha. Baridi yabisi ilikuwa imemkunja Liberata vidole kama mizizi ya mzabibu. Ile lesi ya kitambaa cha altare, ambayo mama yake aliianza na kumwachia aimalize, ilikuwa imelala juu ya mto wa kufumia, vijiti vyake vikining'inia kama popo. Kitu pekee kilichompa nafuu kidogo kilikuwa kichupa cha mafuta alichopewa na jirani yake Nenu, fundi umeme mstaafu, mjane, mpiga tarumbeta wa bendi ya parokia. Kikaisha.

"Panda wako," Nenu alimwambia. "Ila mafuta yanatoka kwenye maua. Majani mpe mbuzi."

Basi akapanda, na akaanza kwa kukosea. Alijaza chungu udongo mwekundu kutoka shamba la baba yake, hapo hapo kisiwani Gozo. Ukakauka, ukawa tofali. Nenu aliuchoma uma wa kulia chakula, uma ukapinda.

"Huu si udongo, bibi. Huu ni ukuta."

"Umelea viazi na watoto tisa!"

"Viazi vina subira. Mizizi ya huyu inataka kupumua."

Wakauchanganya na mboji, makumbi ya nazi na vile vijiwe vyeupe vyepesi kama bisi. Mche ukanyanyua kichwa. Hapo Liberata akakosea mara ya pili, maana mwanamke wa Gozo hawezi kuona kiumbe mbele yake asimwongeze chakula. Akautilia samadi ya sungura, akautilia na mbolea ya maji ya dukani, kipimo cha watu wawili. Ncha za majani zikaungua.

"Amevimbiwa," Nenu akasema. "Mfungishe Kwaresima. Maji matupu mpaka nikwambie."

Mche ukafunga, ukapona. Nenu akaleta taa, akaitundika juu vya kutosha isiuchome, na alipoona mche umeshiba kimo akaifungia saa ya kuiwasha na kuizima yenyewe: nusu ya siku mwanga, nusu giza tupu. "Akiona usiku umerefuka," alieleza, "anajua kiangazi kinaisha. Anakimbilia kutoa maua kabla hajazeeka. Tofauti na watu fulani."

"Fulani yupi?" Liberata akauliza. Nenu akakohoa.

Miche ya Nenu, kule kwake, ikachanua. Wa Liberata ukatoa majani, ukaongeza majani. Dada yake Melita, ambaye aliishi naye na ambaye hakukosa misa hata akiwa na homa, alichungulia kila asubuhi.

"Hongera, mdogo wangu. Umepanda mchicha wa bei mbaya kuliko wote Gozo."

Liberata alicheka, lakini siku hiyo alijaribu kufunga kifungo cha blauzi yake akashindwa, akakaa kitandani akiutazama ule mto wa lesi. Maua yasipotoka, lesi ya mama itazikwa nusu. Akamwita Nenu.

Nenu alikagua udongo, akakagua majani, akakuna kichwa. "Tuzime taa tuone giza lake."

Wakafunga mlango, wakazima. Wakasimama.

"Giza zuri," Liberata akasema.

"Giza gani? Nakuona mpaka masharubu."

"Masharubu yako mwenyewe!"

"Nyie!" Melita akagonga mlango kwa nguvu. "Mnafanya nini gizani, na umri huo?"

"Hakuna giza humu, Melita," Nenu akajibu. "Ndiyo shida yetu."

Akanyoosha kidole. Katika kidaka cha ukutani alisimama Bikira Maria, na miguuni pake taa ya mafuta katika glasi nyekundu, kama inavyowaka katika kila nyumba ya waumini. Liberata alizaliwa taa ikiwaka, akalala kwa mwanga wake maisha yote. Kwake, giza lilikuwa jekundu.

"Mche unadhani jua halijatua," Nenu akasema.

"Basi tumfunike Mama kwa ndoo usiku," Liberata akapendekeza.

"Ndoo!" Melita akasukuma mlango, akafanya ishara ya msalaba. "Taa hii mama aliiwasha kaka yetu Ganni alipopanda meli kwenda Australia. Aliapa haitazimwa. Na Ganni anao vitukuu!"

"Na chumba kingine kisicho na dirisha la barabarani hatuna. Sawa, dada. Taa ibaki." Liberata akaitazama mikono yake. "Lesi ya mama ndiyo basi."

 Melita alikwenda kanisani, akarudi amevaa shela lake la sikukuu.

"Mama aliapa haitazimwa," akasema. "Hakuapa haitahama. Nenu, kalete tarumbeta. Mama wa Mungu hahamishwi kama kabati."

Ikawa hivyo. Nenu mbele akipuliza, Liberata katikati amemkumbatia Bikira kwa viwiko, kwa kuwa vidole vilikataa, Melita nyuma na taa inayowaka, ameikinga kwa kiganja. Walizunguka ukumbi mara mbili, maana mara moja ilionekana ni ubahili. Majirani wakasikia tarumbeta, wakatoka roshanini.

"Sikukuu imewahi?"

"Mama amehamia jikoni!" Melita akapaza sauti. "Amechoka kukaa peke yake!"

Chumba cha nyuma kikapata usiku wake wa kwanza tangu Ganni aondoke. Haukupita muda mrefu Liberata akaona kwenye vifundo vya mche nywele nyeupe, nyembamba kama uzi wa lesi. Kisha yakaja maua, na harufu yake ikashinda ya sungura aliyepikwa kwa divai. Melita alibana pua, akalalamika, na kila siku akaenda kuyahesabu.

Mafuta hayakumrudisha Liberata usichana. Ila asubuhi moja vidole viliamka kabla ya malalamiko. Akaubeba mto wa lesi mpaka jikoni, akakaa chini ya taa nyekundu, akashika vijiti. Vikagongana: taratibu, vikasita, vikagongana tena.

"Mshono huo umepinda," Melita akasema begani kwake.

"Najua," akasema Liberata. "Wa mama huu."