Maoni Yangu Kuhusu Sura ya Saba

Mimi riwaya naiamini kuliko tawasifu. Mtu anayeniambia tangu ukurasa wa kwanza kwamba anatunga, namkaribisha na kiti. Anayeniapia kwamba atasema kweli tupu, mkoba wangu nauweka mapajani. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja, na tawasifu za wakubwa zilizopita mikononi mwangu hazina idadi. Sijaona hata moja ambamo mwenyewe ndiye mwenye kosa.

Maoni yangu hubandikwa kila mwezi kwenye ubao wa maktaba ya mtaa wetu. Macho yangu yaliondoka polepole kwa presha ya macho, na miaka mitatu iliyopita yakaniachia ukungu tu, kwa hiyo vitabu nasomewa na binti yangu. Yeye ni fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho duka lake. Mchana wateja wakipungua huvuta stuli, akanisomea kurasa ishirini. Kitabu kikiisha natamka maoni, naye anaandika. Sitaki aongeze hata nukta.

Mwezi uliopita nilisifu riwaya ya mjane mwenye nyumba ya kupangisha, ambaye mwishoni anaolewa na fundi wa saa. Nilisema nimefurahi, maana waandishi wa siku hizi wanaua watu kama vile hawana kazi nyingine. Kabla ya hapo nilimchana daktari mmoja aliyesimulia maisha yake kurasa mia nne bila mgonjwa hata mmoja kumfia. Nikasema ama huyu ni malaika, ama mochwari yake ilikuwa na mlango wa nyuma.

Kisha kikaja kitabu cha Nyundo.

Nyundo alikuwa msimamizi wa mitambo kiwandani kwetu. Tulimwita hivyo kwa sababu mtambo ukigoma, yeye aliupiga kwanza ndipo aulize una nini. Amestaafu, na sasa ameandika maisha yake. Nilikitaka kitabu hicho na nilikiogopa, kwa sababu ya marehemu mume wangu.

Mume wangu alikuwa mpanga herufi palepale kiwandani. Miaka ishirini na mitano iliyopita tulichapa ratiba ya mitihani ya shule zote. Mtihani wa hesabu ulikuwa Jumatatu. Ratiba ikatoka imeandikwa Jumanne. Watoto wa shule nyingi walifika siku ya pili yake na penseli zao zimechongwa, wakakuta milango imefungwa. Mume wangu alikiri kwa meneja kwamba aliugusa mstari ule baada ya mimi kuupitisha. Akafukuzwa siku hiyohiyo, akawa mchora vibao vya maduka.

Sikumsamehe. Nasema wazi, sikumsamehe. Mimi niliyekuwa sipitishi kosa, niolewe na mzembe! Nikaanza kumwita Bwana Jumanne. Kwanza ilikuwa nyumbani, wakati wa hasira, kisha majirani wakalidaka, na wapangaji wapya wakadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Miaka kumi na tisa aliitika jina hilo, mpaka alipofariki. Wala hakuwahi kunijibu vibaya, jambo ambalo nalo lilikuwa likinichefua.

Sasa, binti yangu alikisoma kitabu cha Nyundo vizuri tu mpaka sura ya sita. Siku ya sura ya saba sauti yake ilikuwa na haraka ya mtu aliyeacha pasi kwenye nguo. Na nikasikia kitu. Macho yameniacha lakini masikio bado ni ya kiwandani. Karatasi moja ikigeuzwa ina sauti yake, kavu na fupi. Karatasi nyingi zikigeuzwa pamoja hutoa pumzi. Nilisikia pumzi.

Machale yakanicheza. "Sura ya saba ndiyo imeisha?"

"Fupi hiyo, mama. Anasimulia tu walivyopaka kiwanda rangi."

Nyundo na rangi wapi na wapi? Usingizi wangu wa mchana uliharibika siku tatu. Binti yangu hajawahi kunificha jambo, au labda ndivyo nilivyokuwa nimefichwa nikaamini. Nikaanza kupiga hesabu. Katika chumba cha kujalidi vitabu kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye kicheko kirefu, na kila saa nne alikuwa akimpelekea mume wangu chai. Mimi chai yangu nilijipelekea mwenyewe. Nikasema, haa! Kumbe ndiyo maana alikuwa mpole kiasi kile. Mwanamume asiyejibu matusi ana deni mahali fulani. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimeshawapa watoto wawili, yeye na yule mwanamke, na mmoja nimempa jina.

Nikaamua kumtegea binti yangu. Kitabu kilipoisha nikamwambia aandike: "Mwandishi huyu ni mwoga. Amekumbuka kila boliti ya mtambo, lakini mpanga herufi aliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili hakumtaja hata kwa mstari mmoja."

Kalamu ikasimama. "Mama, hiyo sentensi tuiache."

"Kwa nini?"

"Kali mno."

"Ukali wangu umekuwa habari tangu lini? Andika."

Akaandika. Nikamwambia anipe karatasi, nikaikalia.

Alhamisi mkutubi alipita kuchukua kitabu, kama kawaida yake. Ni kijana mwenye sauti ya chini, nadhani hata ndotoni ananong'ona. Alinipa shikamoo, nikamkabidhi karatasi yangu kwa mkono wangu. Akaisoma palepale mlangoni. Cherehani ilikuwa inakwenda, na ghafla ikanyamaza.

"Mama," akasema, "hii nitashindwa kuibandika. Hapa unasema hakumtaja marehemu. Sura ya saba nzima si ni yeye?" Kisha akaongeza, kwa kunong'ona zaidi, "Na ya mwezi uliopita pia watu waliniuliza. Yule mjane... basi, tutaongea siku nyingine."

Akaaga haraka, hata kitabu akakiacha.

Nilisikia binti yangu akipumua. Hasira ilinipanda, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. "Ana watoto wangapi?" nikauliza.

"Nani, mama?"

"Baba yako. Na yule wa chumba cha kujalidi."

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha sekunde moja, kikageuka kilio katikati. Mtu mzima wa miaka arobaini, analia kama amevunja sahani. Nikamwambia avute stuli, asome sura ya saba yote, na akiruka neno nitalisikia.

Akasoma. Nyundo anaeleza kwamba asubuhi ile kosa lilipojulikana, yeye na mume wangu walikimbilia kabati la prufu, yaani zile karatasi za majaribio ambazo msahihishaji husoma kabla ya kitu kuchapwa. Waliipata ya ratiba. Ilisema Jumanne. Na pembeni ya mstari uleule ilikuwepo alama ya kupitisha, duara la penseli nyekundu. Kiwanda kizima kilijua duara lile ni la nani.

"Mpanga herufi aliitazama," binti akasoma, "akaikunja mara tatu, akaisukuma ndani ya bitana ya koti lake la kazi, mahali palipokuwa pamechanika. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema: Mimi mikono yangu itapata kazi popote, hata kwenye vibao. Yeye macho yameanza kumdanganya na bado hajajua. Wakimtoa hapa ataenda wapi? Mpanga herufi aliniapisha nisiseme maadamu yeye mwenyewe yu hai. Sasa hayupo."

"Muongo," nikasema. "Anajitafutia wasomaji. Si nimekwambia tawasifu zote..."

"Mama."

"Mtu aliyekuwa akipiga mtambo nyundo leo ndiye anakumbuka maneno ya miaka ishirini na mitano!"

"Mama, nilifumua koti."

Koti la marehemu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango miaka yote sita, kwa sababu sikutaka kulitia machoni wala kulitupa. Binti yangu alisema alipoisoma sura ile peke yake naye hakuamini. Akalishusha, akapapasa bitana, akakuta sehemu iliyoshonwa kwa mkono, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Akanishika kiganja, akaniwekea karatasi, laini kwenye mikunjo kama kitambaa kilichofuliwa sana.

Mimi nilikuwa na tabia moja mbaya kazini. Nilikuwa nakandamiza penseli. Meneja alinilalamikia mara nyingi kwamba nyuma ya karatasi alama zangu zinatokeza. Nikaigeuza karatasi, nikapitisha kidole polepole, mstari kwa mstari. Karibu na ukingo kidole kikapanda juu ya kitu. Nikakizunguka. Kilikuwa duara, limefungwa vizuri, la mtu asiye na wasiwasi na kazi yake.

Nililia mpaka kifua kikauma. Nilimlilia yeye, na nikajililia mimi, na zile mara zote nilizomwita kutoka jikoni, "Bwana Jumanne, chakula!", naye akaja, akanawa mikono, akaketi.

"Kwa nini ulinificha?" nikamuuliza binti, baadaye.

"Nilijua utakuwa hivi."

"Na yule mjane?"

"Alikufa, mama. Sura ya mwisho, kabla ya harusi. Ilikuwa ile wiki aliyokwambia daktari wa macho usirudi tena kliniki. Sikuweza kukusomea."

Basi watu walisimama mbele ya ubao wakasoma jinsi nilivyofurahia harusi isiyokuwepo. Siku nyingine ningemrushia stuli. Siku ile nilimshika mkono tu, nao ulikuwa na uzi umejizungusha kidoleni, kama kawaida yake.

"Chukua kalamu," nikamwambia. "Andika: Maoni ya msomaji kuhusu kitabu cha msimamizi wa mitambo. Kitabu kina maneno mengi, na mitambo yake inachosha. Sura ya saba ni ya kweli. Ratiba ile niliipitisha mimi, si mpanga herufi. Nilimwita Bwana Jumanne kwa kosa langu mwenyewe, mtaa mzima ukamwita hivyo, naye akaitika."

Kalamu ilikuwa inakwenda polepole. "Mama, hii ubaoni? Watu wote wasome?"

"Jina lenyewe si nililibandika mbele ya watu wote?"

Alipomaliza nilimwomba karatasi na penseli, nikachora duara langu mahali aliponiongoza. Sikukandamiza. Kisha nikamrudishia, nikamwambia anisomee tena tangu mwanzo, na asiruke kitu.

Akanisomea yote. Alipofika kwenye jina lile nililompa baba yake alirudi nyuma, akaanza mstari ule upya.