Kidole na Kifua

Mhudumu yule alikuwa hodari wa kazi, ila mdomo wake ulitangulia masikio. Katika nyumba ya wazee alikabidhiwa bibi mmoja Mkroatia. Kiharusi kilikuwa kimemfutia bibi lugha zote za ukubwani, kikamwachia ile aliyonyonya kwa mama yake tu. Binti yake akaandika karatasi: glava kichwa, ruka mkono, noga mguu, prst kidole, prsa kifua, na mengine mengi.

"Dada, umeshayashika maneno?" binti alimuuliza mhudumu baada ya wiki.

"Yote! Nayaimba hata nikikunja mashuka."

Kumbe karatasi aliitupia jicho mara moja tu, ikaishia mfukoni mwa aproni.

Asubuhi moja, mhudumu akimvisha soksi, bibi akamshika mkono. "Bole me prsa."

Mhudumu akababaika kichwani: hiyo si kidole? Akamkagua, akaona mchubuko kwenye kidole cha shahada, akabandika plasta. Bibi akarudia, machozi yakimlengalenga.

"Bibi naye kwa kudeka!" mhudumu akacheka, akaongeza plasta ya pili.

Binti alipofika saa nne alimkuta mama yake amelowa jasho. Hakuhitaji kusikia mara mbili. "Kifua! Anasema kifua kinamuuma!"

Bibi akakimbizwa hospitali. Ulikuwa moyo, na saa nzima ilikuwa imepotea.

Muuguzi mkuu akamliwaza mhudumu: "Mgonjwa wa kiharusi hatamki vizuri. Si kosa lako."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi, maana bibi alikuwa ametamka vizuri kabisa. Kesho yake akamfuata binti, macho chini.

"Dada, nilikudanganya. Ile karatasi sikuisoma."

Binti akageuka kuondoka. "Mama yu hai, nashukuru. Wewe sina la kukwambia."

Bibi akarudi baada ya wiki mbili, amekonda. Mhudumu aliomba aendelee kumhudumia, akakubaliwa kwa shingo upande. Kila asubuhi akawa anagusa kiungo na kukitaja, bibi akimsahihisha kama mwalimu mkali, wahudumu wenzake wakimcheka mlangoni. Aliwaacha wacheke. Binti alikuja kila siku, akaketi dirishani, salamu hakuna.

Siku moja mhudumu akagusa goti la bibi. "Koleno."

"Koljeno," sauti ikatoka dirishani. "Ulimi upandishe juu. Rudia."

Uso ukimwaka, mhudumu akarudia.