Wasifu wa Bibi Eliaichi

Bibi Eliaichi alifariki Jumatatu alfajiri, na Jumanne kabla ya saa tatu asubuhi mwanawe Brightson alikuwa ameshafika kwa Mwalimu Genoveva kuomba aandikiwe wasifu wa marehemu. Alivua kofia, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kiti cha plastiki pale barazani. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Alisema kamati ya msiba imekaa na hakuna aliyefikiria mtu mwingine, maana katika mtaa ule wa Chang'ombe ukifa unaandikwa na Mwalimu.

Na kweli. Tangu astaafu kufundisha Kiswahili, Genoveva ndiye aliyewaandika wafu karibu wote wa Kikristo pale mtaani. Alijua kupanga kuzaliwa, ubatizo, ndoa, kazi, ugonjwa, na idadi ya wajukuu. Alijua pia kudanganya kwa adabu. Mlevi alimwandika kuwa mcheshi. Aliyempiga mkewe mpaka akamng'oa meno alimwandika kuwa baba mwenye msimamo. Ukiyasoma maandishi yake yote ungedhani Chang'ombe hakujawahi kufa mtu mbaya hata mmoja.

Na huyu Brightson, aliyekuwa akijifuta machozi barazani kwake, ndiye aliyemuulia Mwalimu mwanawe.

Miaka mitatu nyuma Isack, fundi simu, kijana wa miaka ishirini na sita, alitoka kibandani kwake mchana kweupe akiwa ameshika simu ya mteja. Brightson, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amepoteza simu ya aina hiyohiyo. Akapaza neno moja tu, mwizi, na katika mji huu neno hilo halijawahi kudaiwa ushahidi. Wanaume saba walimwangukia Isack kwa nondo na matofali yaliyokuwa yamepangwa palepale dukani. Jioni yake walewale walikaa kibanda umiza kutazama mpira, wakabishana kama penalti ilikuwa halali. Polisi walifungua jalada, na upelelezi unaendelea mpaka leo. Siku ya kuzika walikuja, wakala wali, wakanawa, na mshereheshaji akatangaza kwamba wasifu utarukwa kwa kuwa muda umekwenda. Ilikuwa saa saba na robo. Walichomaanisha ni kwamba wasifu wa mwizi hauna msikilizaji.

Genoveva aliirudisha kwenye mkoba karatasi ya wasifu aliomwandikia mwanawe, ikiwa haijasomwa. Kuanzia siku hiyo aliuchukia mtaa mzima, kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na wala hakuona aibu kuuchukia.

Kilichomzuia asirukwe na akili kilikuwa daftari. Kila baada ya saa kumi, jua likishalegea, alikaa uani akatunga ubeti mmoja. Chuki ikikaa kifuani peke yake inakula nyama. Ukiilazimisha ifuate vina na mizani inabidi itulie kwanza ihesabu. Kuna siku alihangaika na neno moja mpaka magharibi, na alipolipata akagundua kuwa kwa saa mbili nzima hakuwa ameuona uso wa Isack ulivyokuwa siku ile. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Msikilizaji wake alikuwa mmoja, jirani yake Mwajabu, mpika vitumbua, mwanamke wa Pwani aliyekulia kwenye taarabu na asiyetaka kudanganywa kwenye shairi. Huyo ndiye aliyesomewa ubeti huu:

Ulipaza mtaani, jina ambalo si lake,
Wakamlaza vumbini, wakavunja mbavu zake,
Simu yako i garini, yalia mahali pake,
Nakungoja duniani, ahera ina ya kwake.

Mwajabu aliacha kukoroga unga. Akasema angekuwa yeye angekodi kikundi kizima kikamwimbie Brightson mlangoni, na wapiga ngoma angewalisha mwenyewe.

"Ila wako unaufungia kabatini, Mwalimu," alisema. "Wee unangoja nini?"

Alikuwa anangoja mtu afe. Hilo hakuwahi kumwambia hata Mwajabu.

Siku ile ya kipigo, mtu mmoja peke yake alijaribu kuzuia. Bibi Eliaichi, mama mzazi wa Brightson, kikongwe wa miaka themanini na ushei, alitoka dukani akajilaza juu ya Isack, na nondo moja ikamvunja mkono. Siku tatu baada ya mazishi alikuja kwa Genoveva, mkono umetundikwa shingoni kwa bandeji. Alieleza kuwa simu imeonekana chini ya kiti cha gari la Brightson, na kwamba Brightson amempigia magoti asiseme. Akawataja wote saba kwa majina. Kisha akaomba jambo moja. Brightson ndiye aliyekuwa akimlisha na kumtibu; asingeweza kumpeleka mwenyewe jela.

"Nikiwa hai nisitiri," alisema. "Nikishakufa, sema unavyotaka."

Genoveva alimsitiri. Miaka mitatu alimpelekea uji, na kila bibi alipougua kifua alikwenda kumsugua mgongo kwa mafuta ya mkaratusi. Alimpenda kweli. Na kila bibi alipopona, Genoveva alirudi nyumbani na kitu kibaya moyoni ambacho hakuthubutu kukitungia ubeti.

Brightson hakujua lolote kuhusu ahadi hiyo. Alichojua ni kwamba kila asubuhi alimwamkia Mwalimu na kila asubuhi akaitikiwa. Marahaba ni wajibu wa mtu mzima, inatoka yenyewe, lakini yeye aliihesabu kuwa msamaha.

Alhamisi wasifu ulikuwa tayari, kurasa tatu za mkono. Brightson alisoma ukurasa wa kwanza palepale amesimama: utoto wa Machame, shule ya misheni, kahawa, binti aliyevuka mto uliofurika ili awahi kipaimara chake. Alilia kama mtoto. Akasema hajawahi kuona maandishi mazuri namna hiyo, na hakufunua ukurasa wa pili, maana nani husoma wasifu wote kabla ya siku yenyewe? Aliupeleka kwa wachapaji mwenyewe. Alitaka vijitabu mia nne, karatasi ya kung'aa, picha ya mama jalada la mbele, na boksi moja la ndugu wa Machame, kwa sababu baada ya kuaga mwili ungesafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani.

Jumamosi maturubai yalijaa hadi barabarani. Mshereheshaji alikuwa Fransis, mjumbe wa mtaa, mwanamume mwenye sauti ya redio. Alimkaribisha Mwalimu kwa sifa nyingi. Genoveva alisimama kichwani mwa jeneza, amevaa gauni la kijivu, akaanza kusoma taratibu, na watu wakawa wanamfuata kwenye vijitabu vyao. Walicheka kidogo penye mto. Akina mama walitikisa vichwa penye ujane. Kisha karatasi zikageuzwa kwa pamoja, na Genoveva akaendelea bila kubadili sauti:

"Tarehe tisa Machi marehemu alijilaza juu ya kijana Isack, fundi simu wa mtaa huu, ili asiuawe. Alivunjwa mkono na hakuweza tena kushika jembe wala sindano. Siku chache baadaye aliikuta simu iliyodaiwa kuibwa, ipo chini ya kiti cha gari la mwanawe Brightson, naye Brightson akamsihi anyamaze. Isack hakuiba. Marehemu aliniambia haya kwa kinywa chake, na akawataja waliopiga."

Akaanza kuwataja, jina na jina la baba, kama anayeita mahudhurio. Wanne alikuwa amewafundisha mwenyewe darasa la tatu. Alipofika kwa Projestus, fundi magari, yule bwana mwenye kitambi alifungua mdomo kabisa kutaka kuitika, mkewe akamshika goti. Jina la sita lilikuwa la Fransis. Fransis alichomoa waya wa kipaza sauti.

Mwanamke aliyefundisha madarasa ya watoto tisini kwa miaka thelathini na nne hahitaji waya. Lakini Genoveva aliamua kunyamaza, akasubiri. Watu mia nne walikuwa wameinama, wanamalizia wenyewe. Mwinjuma wa bodaboda, aliyekuwa wa saba, aliinuka akapita kati ya viti, na kila alipopita watu walivuta miguu yao.

Genoveva aliuhisi utamu wake. Hakujidanganya kuwa ni haki, wala amani, wala hayo maneno ya mahubirini. Ulikuwa utamu wa kisasi, na alikaa nao mpaka mwinjilisti alipojikaza kuanzisha wimbo.

Wakati jeneza linapandishwa kwenye basi Brightson alimfuata. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mwalimu, siku ya mama yangu? Alikukosea nini mama yangu?"

"Hakunikosea kitu, baba Blessing," alisema Genoveva. "Ndiyo maana yeye sikumdanganyia."

Brightson aliangaza huku na huko. Vijitabu vilikuwa mikononi, kwenye mikoba, kwenye mifuko ya makoti, na hakuna mtu wa pale anayetupa karatasi yenye picha ya marehemu. Kijitabu cha namna hiyo kinakaa kabatini hadi watoto waote ndevu. Akakumbuka boksi la Machame. Alikimbilia basini kulishusha, lakini shemeji zake walikuwa wameshalifungua na kugawa kiti kwa kiti.

Mwajabu alikuja akasimama kando ya Genoveva, amemshika kiwiko. Kupitia madirisha yaliyo wazi waliwaona wazee wa ukoo, baba wadogo na mashangazi, kila mmoja amefunua ukurasa wa tatu. Brightson alibaki amesimama katikati ya njia ya basi. Mjomba mkubwa wa Brightson, aliyeketi mbele ya jeneza la dada yake, alivua miwani, akaifuta kwa shati bila haraka.

"Brightson," aliuliza, "hiyo simu ilionekana wapi?"

Dereva aliwasha injini. Kutoka Chang'ombe hadi Machame ni saa kumi, na zaidi kama foleni ya Kibaha ni mbaya. Genoveva alizihesabu saa hizo moja moja, akaona kwa kuanzia zinatosha.